Gari Halina Neno

Tarehe 3 Machi 1992

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo, na pole na mashine zako za barabara. Sisi huku wazima, ukiacha macho ya mama, ambayo sasa yameingia ukungu kabisa. Anamjua mtu kwa mwendo wake. Barua zako namsomea mimi, neno kwa neno, na ukiandika mzaha anautaka mara mbili. Anakusalimu. Anasema miaka tisa ni mingi kwa mdogo wake kushindwa kuja hata kunywa maji.

Sasa kaa chini. Mjomba, nimezalisha ndani ya gari!

Nimelifufua lile gari la marehemu baba. Tangu tulipomzika lilikaa nyuma ya nyumba chini ya turubai. Mama hataki liuzwe na hataki kuliona. Lakini mwaka huu zahanati imenikabidhi wajawazito wa vilima vyote vya juu, mkunga ni mimi peke yangu, na miguu imegoma. Nikamwomba mama ufunguo. Siku ya tatu nikaukuta juu ya mto wangu wa kulalia.

Betri mpya, matairi, petroli safi, likawaka. Likiwa kwenye mwendo utalisifia. Balaa lake ni kusimama. Injini ikishapata moto, ukiachia mafuta tu, silensa, ule mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, inashuka: linanguruma kwa unyonge, linatetemeka kama mtu mwenye homa, halafu kimya. Ukilisubiri likapoa linawaka mara moja, tena bila aibu.

Jumanne iliyopita lilinizimikia katikati ya njia panda, nina mjamzito kiti cha nyuma na mama mkwe wake anaomba Mungu kwa sauti. Malori yanapiga honi kila upande. Nikatoka nikalisukuma mwenyewe, bega kwenye nguzo ya mlango, mkono mmoja kwenye usukani, na lori moja likapita karibu hadi upepo wake ukanigeuza koti. Mtoto hakungoja. Alizaliwa palepale ukingoni, wa kike, sauti kama honi. Bibi yake anamwita Injini na sidhani kama anatania.

Nakuandikia kwa kucheka, lakini mzaha unaishia hapa. Ilikuwa njia panda ileile ya baba, Mjomba. Mama sijamwambia.

Wewe ndiye uliyenifundisha kushika spana kabla sijajua kufunga kamba za viatu, ukaniita Kidole kwa sababu vidole vyangu ndivyo pekee vilivyofika nyuma ya injini. Niambie nianzie wapi. Kilimani kuna mama wa mapacha ninayetakiwa kumteremsha katikati ya mwezi wa tano. Nikizimikiwa tena pale, huenda nisiwe na kichekesho cha kukuandikia.

Mpwa wako,
Kidole


Tarehe 29 Machi 1992

Kidole mpwa wangu,

Marahaba. Mpe dada shikamoo yangu, mwambie nipo, napumua. Chumba changu hapa kambini ni kontena lenye dirisha moja, na jirani yangu, dereva wa greda, anakoroma hadi vijiko vinagongana mezani kwangu. Msomee dada hilo mara mbili.

Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako nimetembea nayo mfukoni wiki tatu, imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Hongera kwa mtoto.

Kuhusu gari, ushauri wangu ni mmoja: liuze. Gari lililolala miaka tisa si gari, ni banda la kuku. Mwombe mkubwa wako wa kazi pikipiki.

Lakini najua wewe ni mbishi kama mama yako, kwa hiyo sikiliza. Anza na kichujio cha hewa, kitoe ukikung'ute. Kisha plagi nne: ukizikuta nyeusi, zisugue, ukizikuta nyeupe, niandikie. Kisha fungua kabureta, matundu yake madogo yapulize kwa mdomo, usichokonoe kwa waya. Mwisho, pembeni ya kabureta kuna skrubu ya silensa. Ikaze robo mzunguko, injini itapanda.

Mpira mnene wa nyuma, ule unaotoka kwenye injini kwenda kwenye kopo jeusi la breki, usiuguse. Umezeeka. Ukiushika utapasuka ubaki bila breki.

Na jambo moja, Kidole. Usilisukume tena gari hilo barabarani. Likizima, toka, kaa mbali, acha wapige honi hadi wachoke. Nilipofika pale ulipoandika umelisukuma, ilinibidi niketi. Usilisukume. Nakuomba.

Mjomba wako


Tarehe 12 Aprili 1992

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mama amecheka hadi machozi kwa habari ya vijiko, akaitaka mara tatu. Injini anaongezeka uzito vizuri, nilimpima juzi.

Nimefanya yote. Kichujio safi. Matundu ya kabureta nimeyapuliza hadi kichwa kikaniuma. Plagi ni nyeupe, zote nne, nyeupe kama chaki. Sasa shikilia kiti: ile skrubu ya silensa nimeikuta imekazwa hadi mwisho! Haina robo mzunguko wala nukta. Kuna mtu alishaipandisha hadi juu kabisa, na bado injini inashuka. Ni kama kumeza vidonge vya maumivu na jipu liko palepale. Nani alifanya hivyo? Baba alikuwa fundi cherehani, boneti ilikuwa ikimshinda kuifungua. Na baada yake hakuna aliyeligusa ila wewe, siku ile polisi walipokuomba ulikague.

Kuna jingine, nalo limeninyima raha. Nilikuwa namweleza mama ugonjwa wa gari, kwamba likipata moto linazima, likipoa linawaka. Kikombe kikamtoka mkononi.

"Linawaka tena?" akaniuliza. "Kama halikuwa na kitu?"

"Mara moja, mama."

Akapapasa sakafuni akitafuta vipande. Halafu akasema, "Ndivyo lilivyowaka siku ile."

Mjomba, unakumbuka. Dereva wa lori lililomgonga aliapa kwamba baba alikuwa anayumba katikati ya barabara. Polisi wakaingia ndani ya gari, wakazungusha ufunguo, likawaka. Boneti imefungwa, mafuta yamo. Kwa nini basi mtu mzima atoke kwenye gari zima akasimame njiani? Ukaitwa wewe, fundi na shemeji yake. Ukasema gari halina neno. Na kama gari halina neno, mwenye neno ni dereva. Baba alishawahi kuwa mlevi, hilo halikuwa siri, japo alikuwa ameacha miaka mitatu na kumwapia mama kwamba hatarudi. Msiba haukuisha watu walishamaliza kesi.

Mama aliamini. Picha ya baba imelala sandukuni chini ya mashuka tangu wiki ile, na jina lake halitajwi humu ndani. Na mimi niliamini. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nikaona haya kumlilia baba yangu mbele za watu.

Sikulaumu wewe. Gari lilikuwa limeshapoa, na mwenye msiba haoni vizuri. Lakini Jumamosi naukagua ule mpira wa nyuma. Ndio pekee ulionikataza kuugusa, na wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba plagi nyeupe maana yake kuna hewa inapita mlango wa uani. Nitaushika polepole.

Mpwa wako,
Kidole


Tarehe 19 Aprili 1992

Mjomba,

Nisamehe, leo salamu zimenishinda.

Jana niliwasha gari nikaliacha lingurume uani hadi likapata moto. Silensa ikaanza kushuka kama kawaida yake. Nikachukua koleo, nikapeleka mkono nyuma ya injini, nikaubana ule mpira wa breki katikati, nikafunga njia ya hewa. Injini ikapanda. Ikatulia. Ikanguruma vizuri kuliko nilivyowahi kuisikia. Nikaachia koleo, ikashuka ikazima. Nikawasha, nikabana, ikapanda. Nimerudia mara sita, Mjomba, kwa sababu sikutaka kuamini masikio yangu.

Kisha nikazima, nikachukua kitambaa, nikaufuta mpira ule hadi mwisho wake, kwenye kopo la breki. Chini ya grisi kuna uzi. Uzi mwekundu.

Mpira wenyewe si wa gari hili. Ni mpana kuliko bomba lake, umekaa kama kiatu cha mtu mwingine. Umefungwa kwa uzi mwekundu wa cherehani, mizunguko kumi na mmoja, fundo la kukunja mara mbili. Nilikaa chini kwenye vumbi. Uzi huo wewe ulikuwa ukimwomba baba, roli zima. Karakana yako nzima ilijua sheria hii, na mimi niliijua kabla ya kujua kusoma: ukifunga kitu cha muda, kifunge kwa uzi mwekundu, ili kila atakayefungua boneti ajue kazi haijaisha. Na mwenye gari lazima aambiwe. Ulikuwa unatufokea tukisahau hilo la pili.

Hakuna fundi mwingine duniani mwenye uzi huo na fundo hilo.

Nina swali moja tu. Baba aliambiwa?

Kidole


Tarehe 22 Aprili 1992

Kidole,

Nimepata yako ya tarehe kumi na mbili. Kama hujaugusa mpira wa nyuma, usiuguse. Natuma mpya kwa dereva wa lori la kambi. Usiendeshe gari hilo hata hatua moja kabla haujafika.

Mambo ya siku ile tuwaachie waliolala. Baba yako alikuwa mtu mwema.

Msalimie dada.

Mjomba wako


Tarehe 30 Mei 1992

Mjomba,

Shikamoo.

Mpira mpya umefika, umeviringishwa kwenye gazeti, bila mstari hata mmoja. Nilichana gazeti lote nikitafuta. Barua yangu ya tarehe kumi na tisa unayo, najua, kwa maana dereva aliyeleta mpira, ambaye ndiye hubeba barua za kambi, aliniambia alikukabidhi mkononi, ukaisoma umesimama, ukaenda kulala saa tano asubuhi.

Sijaufunga mpira. Gari liko chini ya turubai. Mama wa mapacha tulimteremsha kwa mkokoteni, mawe yote ya kilima kile ninayajua sasa kwa majina. Wako salama watatu wote, lakini hiyo ni huruma ya Mungu, si ufundi wangu.

Kila siku nawaambia wagonjwa wangu, mficha uchi hazai. Leo nakuambia wewe. Mama anauliza kila Jumapili kama umeandika.

Kidole


Tarehe 14 Juni 1992

Kidole,

Barua hii usimsomee mama yako.

Hakuambiwa.

Ilikuwa Ijumaa. Mpira wake wa breki ulikuwa umepasuka, na wa saizi yake haukuwepo mjini. Nikachukua wa pikapu moja mbovu, nikaufunga kwa uzi. Bado ulikuwa unavuta hewa, silensa ikawa chini, basi nikakaza skrubu hadi mwisho ili injini isikike nzima. Nilikusudia kumwita Jumatatu.

Akaja kulichukua ana haraka, ana sare za shule za kupeleka. Kwenye benchi walikaa wateja watatu, wananiangalia. Asubuhi ileile mmoja wao alikuwa amenitania kwamba magari ninayotengeneza hurudi kabla sijanawa mikono. Shemeji akauliza, "Limepona?" Ningesema, bado, shemeji, liendeshe polepole, likizima usishuke. Maneno hayo hayachukui hata muda wa kuwasha kiberiti. Nikaona aibu mbele ya wale watu watatu. Nikasema, "Limepona." Akanishika bega, akaniita fundi wa mafundi, akaondoka.

Jumapili akafa.

Hilo ni kosa, na kosa mtu anaweza kulibeba. La pili ndilo lililonifukuza.

Polisi waliponiita nikafungua boneti. Uzi ulikuwa umelegea, mpira umechomoka nusu. Nilielewa yote papo hapo. Lilimzimikia njia panda, akatoka kulisukuma mwenyewe, bega mlangoni, kama ulivyofanya wewe. Yule dereva wa lori aliona mtu anayumba kwa sababu alikuwa anasukuma gari. Polisi mmoja alikuwa amesimama nyuma yangu anawasha sigara. Nikausukuma mpira kwa kidole gumba, ukarudi mahali pake. Nikafunga boneti. Nikasema gari halina neno.

Nilidhani watasema ni ajali tu. Wallahi, Kidole, ulevi haukunijia akilini. Nilipousikia ukisemwa nilikuwa nimekaa msibani karibu na dada. Akanigeukia, akaniuliza taratibu, "Kweli halina neno?" Pale nilikuwa na nafasi ya tatu. Nikamjibu, "Kweli, dada."

Wiki hiyohiyo nikaomba kazi ya mbali kuliko zote zilizokuwepo. Tangu siku ile sijafunga uzi mwekundu kwenye kitu chochote.

Baba yako hakuwa amelewa. Alikufa akiniamini. Uliposhuka kusukuma gari lile mahali palepale, nilikuwa karibu kuua mtu wa pili wa nyumba moja kwa neno lilelile, na bado nilikuandikia habari za vijiko.

Sina cha kuomba.

Mjomba wako, kama neno hilo bado lina kazi


Tarehe 2 Julai 1992

Mjomba,

Barua yako niliificha zahanati siku nne, chini ya mizani ya kupimia watoto. Sikula, na usingizi haukuja. Nilimpima mtoto mmoja mara tatu na kila mara nikaandika uzito tofauti.

Siku ya tano mama aliniita. "Barua ya mdogo wangu imefika," akasema.

"Nani kakuambia?"

"Miguu yako. Unatembea kama mtu aliyebeba maji. Nisomee."

Nikamwambia umekataza. Akasema yeye ndiye mkubwa wako na mkubwa wangu, nisome. Nikasoma.

Hakulia. Ningeshukuru kama angelia. Nilipofika mwisho aliniomba nirudi kwenye mstari mmoja tu, ule usemao baba yako hakuwa amelewa. Nikausoma. Akautaka tena. Mjomba, aliutaka kama anavyotaka mizaha yako, na mimi nikausoma tena. Kisha akateleza kutoka kwenye kiti akakaa sakafuni.

"Nimemnunia maiti miaka tisa," akasema. "Miaka tisa, Kidole. Alikufa hajalewa, nami nikamzika mlevi."

Alikaa pale hadi jua likahama upande wa pili wa chumba. Kisha akanituma msumari na nyundo. Picha aliitoa mwenyewe sandukuni, akaifuta kwa upindo wa gauni. Nimeitundika sebuleni, kwenye ukuta unaotazamana na mlango. Haioni, lakini anapita anagusa kioo chake kwa kiganja, ananiuliza, "Kola yake imekaa sawa?" Unajua baba alivyokuwa na kola zake. Namwambia imekaa sawa. Halafu natoka nje nikalie.

Mimi leo nakuchukia, sikufichi. Wewe ndiye uliyenifundisha kila ninachokijua kuhusu ukweli wa injini. Kesho sijui nitaamkaje. Haya yanayofuata ni ya mama, nayaandika kama anavyoyatamka.

Mdogo wangu. Sikulaani. Nilikubeba mgongoni kabla hujajua kutembea, na mgongo huohuo siwezi kukulaani nao. Lakini usiniombe msamaha kwa karatasi. Mume wangu alikuuliza swali, ukamjibu mbele ya watu watatu kwenye benchi. Njoo umjibu upya, mbele ya wale wote waliokaa kwenye msiba wake na kumaliza kesi yake. Nimewaita, Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, saa nne asubuhi, hapa uani. Turubai litakuwa limeondolewa na boneti imefunguliwa. Uzi wako uko palepale, Kidole hajaukata. Mpira mpya uko mezani, na hakuna atakayeufunga ila wewe. Usipokuja, usiandike tena. Macho yangu hayaoni barua, na Kidole hatanisomea.

Hayo ndiyo maneno yake. Amenifanya niyasome mara mbili.

Kidole


Tarehe 11 Julai 1992

Dada,

Shikamoo.

Niliomba ruhusa kambini nikanyimwa, nikarudisha funguo za kontena. Jumamosi ya kuamkia Jumapili uliyoitaja, jioni, nitakuwa stendi. Msije kunipokea, nitakuja kwa miguu, na nitapita njia panda.

Kidole, ukimaliza kumsomea mama, nenda sebuleni, simama mbele ya picha, umsomee na yeye mstari huu kabla sijafika, maana nimeshamchelewesha vya kutosha:

Shemeji, halijapona.